Aliyekataa Kuokota Kilemba cha Bane Singh

Ndugu, jamaa na wanakijiji wa Khardiya, nasimama kwa niaba ya familia, mimi Sohani, kitinda mimba wake, kuwasomea maisha ya mama yetu, Gyarsi Devi, na yeyote ambaye masikio yatamwasha, aache yawashe.

Marehemu alizaliwa Dholas, msimu wa mvua wa mwaka 1951, akasoma hadi darasa la pili, akatolewa shule kwenda kuchunga nyati wa kufugwa, wale wa maziwa, na nyati pamoja na kilimo cha uwele ndiyo ikawa kazi yake hadi uzeeni. Tarehe 8 Mei 1968 aliolewa na baba yetu, Moolaram, wakajaliwa mabinti watatu.

Tarehe 14 Agosti 1984, mama akiwa ameshikwa na uchungu wa kunizaa, baba alimpandisha ngamia kumpeleka hospitali, na mnajua enzi zile watu wa tabaka letu tulilazimika kushuka tukipita lango la Bane Singh, bwana mwenye ardhi wa tabaka la juu. Baba hakumshusha mke wake, Bane Singh akampiga risasi pale pale, nami nikazaliwa jioni ile, yatima.

Wote mliona, mama peke yake ndiye aliyekubali kutoa ushahidi. Kesi ilipokaribia, Bane Singh alikuja uani na wazee, akavua kilemba chake, akakiweka miguuni pa mama, na kwa desturi yetu kilemba kikiwekwa hapo unakiokota, unamvisha mwenyewe, ugomvi unakwisha.

"Gyarsi, mwanangu, heshima yangu hiyo hapo chini," alisema.

"Na Moolaram, yeye aliokotwa na nani?"

Akafungulia nyati, wakakikanyaga, naye akaenda mahakamani akasema yote. Bane Singh alifungwa maisha, hakuvaa kilemba tena, akafia gerezani mwaka 1997, na siku hiyo mama alipika halua ya samli, akagawa nyumba hadi nyumba, nasi tulikula, ilikuwa tamu sana.

Marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwaka 2019, akafariki dunia alfajiri ya tarehe 3 Februari 2021. Tunawashukuru madaktari, majirani waliokesha nasi, na wanawake aliokuwa akikamua nao maziwa.

Wana wa Bane Singh, mmeketi pale nyuma, mmetuma wazee mkiomba mbebe machela ya maiti yake, ili kijiji kiseme yamekwisha. Hamtaigusa. Mama atabebwa na mabinti zake.

Pumzika kwa amani, mama. Sisi bado.