Kistari cha Soidri

Mwaka 1964, Mfaransa bado anatutawala na Moroni ndiyo kwanza inazoea kuwa mji mkuu, benchi letu la mawe lilikuwa kwenye bangwe, ule uwanja ambako mwanamume wa Ngazidja, kisiwa chetu, hushinda kwa sababu nyumbani ni kwa mkewe. Kahawa ilikuwa chungu, tangawizi tele, na mimi nilikuwa na meno yote. Wenye benchi tulikuwa watatu: Boina, tuliyemwita Kamusi kwa kuwa alisoma shule ya Kifaransa mwaka mmoja na nusu, Ambari Stempu, mgawa barua, na mimi, mchekeshaji wa harusi zote. Asubuhi hiyo akaja Soidri, mtu wa Mutsamudu, kisiwa cha jirani, aliyemwoa Housna, binti wa mtaa wetu, ameshika kitambulisho kipya kama samaki aliyeanza kunuka.

– Mashemeji, tazameni. Karani kaniandika Soidri-Maoulida. Jina langu, jina la marehemu baba, na kati yetu kistari! Nikitaka kitoke, nirudi kabla ya adhuhuri. Ikipita, ndiyo basi tena.

– Kitoke! akasema Stempu. Barua zenye vistari huchelewa. Zinajikwaa njiani.

– Nyamaza wewe, akasema Kamusi. Kistari ni cha Wayunani. Zamani kilikuwa kama upinde, wanauchora chini ya maneno mawili, maana yake haya yasome pamoja.

– Chini? akauliza Stempu. Mbona sasa kiko katikati?

– Kimepanda cheo.

– Na gazetini? akasema Stempu. Neno likifika ukingoni linakatwa, wanaweka hichohicho.

– Sasa kinaunga au kinakata? akauliza Soidri.

– Vyote viwili, nikasema, kama mama mkwe.

Tukacheka. Soidri hakucheka.

– Baba kafa mwaka jana, mimi niko huku. Nafika Mutsamudu, udongo umeshakauka. Sitaki karani achezee jina lake.

Stempu akashusha sauti.

– Shemeji, hiyo ni kamba. Siku ya kodi wakimvuta mwana, baba naye aje.

– Kutoka kaburini?

– Unamjua Mfaransa na kodi, au unamsikia?

– Kamba gani! akafoka Kamusi. Ni daraja. Watajenga la kweli, Moroni mpaka Mutsamudu. Wameanza na la wino, wapime kama bahari italibeba!

Soidri akainuka, anakwenda kwa karani. Hapo akatokea Fakri, binamu yake, katoka bandarini na kikapu alichotumwa na mama yake Soidri. Tukamweleza yote, sote kwa pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho.

– Kaka, niulize tu. Ami Maoulida alikuachia nini?

Soidri akaanza kuhesabu kwa vidole. Nyumba ilikuwa ya mama. Kesho itakuwa ya dada zake. Ami Maoulida aliingia mle na mkeka, akatoka kwa jeneza. Kilichobaki ni jina tu.

Tukatazamana. Kamusi alilala kwa mkewe. Stempu kwa mkewe. Mimi kwa mke wangu, na usiku wa kuamkia siku ile tuligombana, nikalala barazani.

Soidri akaketi, akaomba kikombe.

Adhuhuri ilipoadhiniwa, karani akafunga dirisha. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa kanzu, upande wa kushoto, na mwenyewe bado anapuliza kahawa iliyokwisha kupoa.