Kwani Maziwa Hutafunwa?

Wasikilizaji wapendwa, Rebecca Naeku alizikwa Jumamosi, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Homa ya mapafu ilimwondoa akiwa na miaka sitini na mitatu. Alikuwa muuguzi, na kwa miaka kumi na miwili alifuatilia swali moja: kwa nini mtu mwenye figo mbovu huuawa na moyo?

Alianza mwaka 1996, katika zahanati moja ya Kitengela. Mwaka huo wagonjwa wake watatu wa figo walifariki. Wote watatu, moyo. Wa nne katika daftari lake alikuwa Ezra, kitinda mimba wa kwao. Rebecca aliogopa kumzika.

Sehemu ya jibu aliijua. Figo zikidhoofika, presha hupanda. Fosforasi, madini tunayoyapata kwenye chakula, nayo hubaki kwenye damu, na baada ya miaka mishipa huota chokaa ndani. Mishipa ikikakamaa, moyo husukuma kwa taabu. Kwa hiyo alimpima kila mgonjwa na kumwuliza anakula nini. Majibu hayakulingana na vipimo. Ezra alitaja ugali na kabeji tu, lakini fosforasi yake ilizidi ya wote.

Siku moja alimtembelea nyumbani, akamkuta akimalizia kibuyu cha maziwa.

"Hiki ni cha ngapi leo?"

"Cha pili."

"Na mbona hukuniambia?"

"Dada, uliniuliza nakula nini. Kwani maziwa hutafunwa?"

Rebecca alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake aliongeza swali kwenye fomu: unakunywa nini? Akawauliza upya wagonjwa wote arobaini na mmoja. Ishirini na sita walikunywa zaidi ya lita moja ya maziwa kwa siku, na maziwa yana fosforasi nyingi.

Hakusema maziwa ni sumu. Aliandika mwaka 2004: "Mwenye figo dhaifu ayapunguze. Kama hilo litauokoa moyo, bado hatujathibitisha." Hakuongeza neno.

Ezra sasa ana miaka hamsini na minne. "Niko na dawa za presha, niko na kikombe changu kimoja cha asubuhi," alituambia makaburini. "Dada alikiwekea alama na rangi ya kucha. Nikipitisha hiyo alama, namsikia akiniita majina yangu yote matatu."

Ezra, na jamaa wote, poleni sana. Nawe msikilizaji, ukiwa na mgonjwa wa figo nyumbani, mwulize anakula nini. Akishajibu, usiondoke. Mwulize anakunywa nini.