Mawese Niliyoyachoma Mpaka Yakawa Meupe

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa. Mimi ni Mama Riziki, wengi wenu mnanifahamu. Nasimama mbele yenu na majuto, lakini nasimama.

Wakati ule wa Wabelgiji mume wangu alikuwa karani wa ofisi pale Fizi. Tulitamani kuhesabiwa evolue, watu waliostaarabika. Mzungu aliweza kuingia nyumbani kwako siku yoyote, aangalie kama mnakula kwa uma na kama kitambaa cha meza ni cheupe. Na mawese, ndugu zangu, yakidondoka hayatoki. Basi nikafanya kama wake wa makarani wenzangu. Niliyachemsha mawese kwa moto mkali mpaka moshi ukajaa jikoni, wekundu wote ukapotea, yakabaki meupe kama mafuta ya dukani. Jirani akanitania, "Mama karani, hata mawese we unafulaka?" Nikacheka kwa maringo, kwa kuwa kweli nilikuwa kama nimeyafua mawese. Sombe nayo, yale majani ya muhogo, niliacha kupika, nikasema ni chakula cha kijijini. Tukawa watu wa wali na mkate.

Kisha Riziki, kifungua mimba wangu, akaanza kujikwaa. Mchana alicheza vizuri, ila jua likizama alipapasa ukuta. Akaniambia, "Mama, mi sioni." Nikadhani anakwepa kazi. Jioni moja akakanyaga sahani za wageni zikavunjika, nikampiga. Ndugu zangu, nilimpiga mtoto kwa sababu hakuona. Hilo linaniuma mpaka leo.

Watu wakasema amerogwa. Nikaamini nusu, nikamnunia shangazi yake bure, nikidhani ndiye mchawi. Tukaomba, tukafunga, na huku jikoni nikaendelea kuchoma mawese. Jicho la kushoto likakauka, likaingia doa. Hapo nguvu zikaniishia. Nikapiga magoti nikasema, "Bwana, nimeshindwa, nionyeshe njia." Kesho yake moyo ukanituma nishuke mjini Baraka, kwenye dispansari.

Muuguzi akayatazama macho ya mtoto, kisha akaniuliza tunakula nini. Nikamweleza yote, hata mafuta yangu meupe, nikitegemea sifa.

"Mama," akasema, "ile rangi nyekundu njo dawa ya macho. Na mafuta njo inaibebaka mu mwili. We uliiunguza ku moto."

Akampa mtoto mafuta ya maini ya samaki. Mimi akaniagiza nirudie sombe, niitie mawese mekundu yasiyochomwa. Nikatii, na kitambaa cha meza kikachafuka. Baada ya majuma kadhaa, giza likianza kuingia, Riziki alitoka nje peke yake akamfukuza kuku mpaka bandani. Nikakaa chini pale pale nikalia. Jicho la kulia Bwana alilirudisha. La kushoto halikurudi. Sasa Riziki ni mtu mzima, na ukimjia upande ule bila kumwita, hushtuka.

Mungu alitupa dawa ndani ya chungu chetu, nami nikaiteketeza kwa ajili ya kitambaa. Namshukuru kwa jicho alilotuachia, maana nilistahili kupoteza yote mawili. Wewe unayenisikia, usikionee aibu chakula alichokupa, wala usichelewe kama mimi. Mtumaini Bwana, ni mwenye rehema. Na mtoto akikuambia haoni, mwamini.