Shangazi Yetu, Aliyeotesha Mifupa

Shangazi yetu, tunayemsindikiza leo, alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Kitinda mimba alikuwa baba yangu. Walikuwa wawili tu.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni. Akiwa kidato cha pili, mdogo wake, yaani baba yangu, alianguka kutoka kwenye paa, akavunjika mguu, na mfupa ukagoma kuunga. Shangazi alimwuliza tabibu sababu, akajibiwa kwamba mifupa mingine ni mikaidi. Jibu hilo halikumwingia akilini. Alisoma kemia mpaka akatunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 1989.

Alifanya kazi maisha yake yote katika maabara ya orofa ya tatu, dirisha likitazama ukuta. Alitengeneza vineli, yaani vimirija, vya kaboni, vyembamba kuliko unywele mara maelfu, akavisuka kuwa kiunzi ambacho seli za mfupa hukishika na kukua juu yake. Seli hizo hulishwa, na hazijui sikukuu. Tukimwalika harusini alikula harakaharaka, akaaga: “Wanangu hawajala.” Wageni walidhani ana watoto nyumbani. Hakujaliwa kupata.

Aliolewa mwaka 1991 na mwalimu wa hisabati. Mume alipopata kazi nchi ya mbali, walikubaliana kwamba angemfuata. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, wakaachana kimyakimya. Aliwahi kumwambia mama yangu, “Afadhali tungegombana, wifi. Angalau nyumba ingekuwa na kelele.”

Mwaka 2009 kiunzi chake kiliunga mfupa wa kondoo. Baba, ambaye bado alikuwa akichechemea, alimwomba amwekee na yeye. Shangazi alikataa. Alisema hajui vineli vile vingeishia wapi mwilini miaka ikipita. Baba alinuna, na kwa miaka mingi ndugu hao wawili hawakujuliana hali. Sikukuu zote hizo Shangazi alizimalizia maabara.

Mwaka jana aliteleza bafuni akavunjika paja. Mfupa haukuunga. Daktari wa upasuaji, aliyekuwa mwanafunzi wake, alijitolea kumwombea kibali awekewe kiunzi chake mwenyewe. Baba alikuwa amekuja kumjulia hali, amesimama mlangoni.

“Nilimnyima mdogo wangu,” Shangazi alisema. “Mimi nitajipa kwa uso gani?”

Baba alivuta kiti hadi kitandani, na tangu hapo alikuja kila siku. Lakini maambukizi kutoka pajani yalikuwa yameshaingia kwenye damu. Tarehe 2 Februari, asubuhi, baba alitoka kwenda kumnunulia maji. Aliporudi, Shangazi alikuwa ameshatutoka.

Ameacha mdogo wake, wifi yake, mimi na kaka zangu wawili, na wanafunzi wake, ambao bado wanakijaribu kiunzi ambacho hakijamfikia hata mgonjwa mmoja.

Mungu amlaze pema, wala asimlaze peke yake.