Bastola ya Bawabu wa Kanisa

Benchi letu liko mbele ya duka la Twila, kati ya jokofu la barafu na magunia ya chakula cha kuku, hapa Pell Fork, Arkansas. Twila anauza mbegu, misumari, chambo cha samaki na, ndani ya kabati la kioo, bastola. Kahawa anatupa bure mradi tusiteme tumbaku barazani kwake. Tunaokaa hapo kila asubuhi ni watatu: Wakia, ambaye hawezi kushika kitu bila kukadiria uzito wake, Sajini, aliyetumikia jeshi miaka ishirini, yote jikoni, na mimi, Lowell Teague, ambaye wananiita Sadaka kwa sababu ndimi ninayepitisha sahani ya sadaka kanisani. Mungu anisamehe, nimesema upuuzi mwingi juu ya benchi hilo, lakini wa Alhamisi ile ulizidi.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwezi wa pili mtu aliingia kanisa la ng'ambo ya mto katikati ya wimbo, akapiga risasi darini. Hakuumia mtu, ila hofu ilivuka mto ikatufikia. Mashemasi wetu wakakubaliana kwamba bawabu awe na silaha ndogo ya kujilinda yeye na kutulinda sisi. Bawabu ni mimi. Walinipa hadi Jumapili nichague rivolva fupi, ile ya mtutu wa inchi mbili inayoingia mfukoni, na nijibu kama nitaibeba. Usingizi ulikuwa umenikimbia tangu Jumatatu.

Alhamisi hiyo Twila alitoa mbili, akafungua silinda kutuonyesha kwamba hazina risasi, akaziweka juu ya gunia. Wakia akainyanyua ile ya alumini na kusema ndiyo yenyewe, ni nyepesi kuliko mkate wake wa nyama wa mchana. Tukabisha, basi akaenda kuazima mizani ya misumari akapima vyote viwili. Mkate ulishinda kwa uzito, lakini ulikuwa na kachumbari.

Sajini alicheka mpaka akamwaga kahawa. Alisema bastola nyepesi ndiyo inayompiga mpigaji teke kubwa mkononi, na kwamba shemeji yake aliifyatua moja kama ile mara moja tu, pete ya ndoa ikaruka na mpaka leo haijaonekana.

– Hiyo pete ilikuwa imeshauzwa, Wakia akasema. Kila mtu hapa anajua.

– Wewe nyamaza. Mpe Sadaka ile ya chuma. Ikiisha risasi, anaitupa, inaua.

Wakahamia kwenye idadi ya risasi. Sajini alisema tano zinatosha, maana wahalifu huja kwa gari, gari lina viti vitano, na dereva lazima abaki nje, kwa hiyo moja hata ni ya akiba. Wakia akamkumbusha kwamba siku hizi watu wanaendesha magari ya kubebea familia, viti saba. Kutoka hapo wakaingia kwenye mahali pa kuificha. Soksini, akasema mmoja. Ndani ya kitabu cha nyimbo kilichochongwa katikati, akasema mwenzake. Wakia ndiye aliyefika mbali zaidi: niiweke ndani ya sahani ya sadaka, chini ya bahasha, kwa kuwa hakuna mtu anayeitazama sahani hiyo ikimkaribia. Nilimkemea kwa ajili ya hilo, ingawa alisema kweli.

Sasa kosa langu. Niliichukua ile ya chuma nikaitia mfukoni mwa koti, nikajitazama kwenye mlango wa jokofu la barafu. Nilionekana mrefu. Miaka thelathini nimeshika mlango wa kanisa na hakuna aliyewahi kunihofia, na pale, nakiri mbele za Mungu, nilipenda kuonekana wa kuhofiwa. Nikajaribu kuitoa upesi. Nyundo yake ya nyuma, ile inayogonga risasi, ikanasa kwenye kitambaa cha ndani, mfuko mzima ukatoka nje, na pipi za mnanaa ninazowapa watoto zikamwagika barazani.

– Umeshakufa hapo, Sajini akasema.

Twila, huku akiokota pipi, akaeleza kwamba ndiyo maana nyingine zinatengenezwa nyundo ikiwa imefichwa ndani. Akaenda kuleta ya namna hiyo. Wakati huo dereva wa lori la chakula cha kuku, kijana mgeni, alikuwa amemimina kahawa na kukaa juu ya gunia akitusikiliza kwa adabu.

– Samahani, wazee, akasema. Huyu mzee anasimama wapi humo kanisani?

Nikamweleza: mwisho wa safu za viti, nikitazama mlango.

– Na mtu akisimama hapo mlangoni, nyuma yake kuna nini?

– Ukumbi mdogo, Wakia akasema. Halafu ukuta.

– Na nyuma ya ukuta?

Tulijua sote watatu. Ukuta ule tuliujenga sisi watatu, wa mbao za jasi, zile nyembamba, kwa sababu Wakia alisema nene zitatuvunja migongo. Nyuma yake ni chumba cha watoto wachanga. Kila Jumapili wanakuwa tisa humo, na anayewabembeleza ni Imogene, mke wangu.

Wakia alijaribu kusema kwamba mtu anaweza kulenga juu kidogo, kisha akaacha katikati. Kijana akashukuru kwa kahawa, akaenda kushusha magunia.

Niliingia ndani nikaomba simu ya Twila, nikampigia mchungaji. Nilimwambia sitaibeba. Nikamwambia naogopa, na kwamba si woga tu, nilikuwa nimeanza kuifurahia kabla sijajua risasi ingeenda wapi.

Akasema:

– Ndugu Lowell, wewe ni wa tatu kuikataa kazi hiyo.

– Wa tatu?

– Wawili niliowaomba kabla yako walikuja Jumatatu, kila mmoja kwa siri yake. Wote walisema hawawezi, na wote wakanihakikishia kwamba wewe ndiye unayefaa.

Sikumwuliza majina. Alisema basi tuanze na kuwahamishia watoto upande wa jikoni, halafu mashemasi wakae upya, na kwamba Jumamosi atahitaji wanaume watatu.

Nilirudi benchini. Wakia alikuwa akisoma maandishi ya gunia la kuku kana kwamba ni barua kutoka kwa mama yake. Sajini alikuwa akitazama barabara isiyo na gari. Nilikuwa na mahubiri mazima mdomoni, na Mungu akanisaidia nikayameza.

– Jumamosi asubuhi, nikasema, kuna vitanda vya watoto vya...

Sajini aliitikia kabla sijamaliza, na Wakia aliitikia kabla ya Sajini.