Majina Matatu ya Madina

Ko. Mara moja tu mlangoni, usiku, kisha kimya. Mariam Poni aliketi kitandani akaziba mdomo kwa kiganja, kama alivyojifunza mwaka wa vita, wa sabini na tisa, wakati mlango ukigongwa usiku watu wa Koboko hawakuuliza nani. Hakuitikia. Kulipokucha alifungua, akakuta bahasha imesukumwa chini ya mlango, na juu yake alama ya kidole cha grisi. Akacheka peke yake. Lilikuwa lori la Koboko, limechelewa kama kawaida, na dereva alikuwa ameleta barua ya Madina, binti wa Mariam, aliyopewa huko Koboko na mjomba wa msichana. Saa moja asubuhi barua ilikuwa kijiweni, kwa sababu pale mtaani Awindiri, mjini Arua, barua ya ng'ambo haisomwi nyumbani. Inasomwa mbele ya jiko la Mariam Poni, kwenye ubao mrefu uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, na inasomwa mara mbili: mara ya kwanza kwa kubishana, mara ya pili kwa kujibu.

Wateja wake watatu walikuwa wamekaa tayari, kila mmoja na kikombe chake cha kahawa ya tangawizi. Enoch, karani mstaafu wa ofisi za Arua Hill, waliyemwita Muhuri. Tombe, askari wa zamani aliyerudi kutoka ukimbizini Sudan, waliyemwita Sajini, ingawa mwenyewe husema ilibaki kidogo tu awe luteni. Na Mogga fundi baiskeli, Spoki, mtu ambaye hajavuka daraja la mto Nile pale Pakwach lakini dunia nzima anaijua.

— Soma polepole, Muhuri, alisema Sajini. Huyu mtoto iko ya sisi wote.

Muhuri alivaa miwani iliyofungwa uzi, akakohoa kiofisi.

— "Mama mpendwa. Unaniuliza siku yangu hapa Kairo inakwendaje. Ninaamka saa kumi na moja. Chumbani tuko wasichana wanne, ghorofa ya tisa, na lifti imekufa tangu nilipofika."

— Lifti iko mtu gani? aliuliza Sajini.

— Siyo mtu. Ni sanduku la kupandisha watu juu, alisema Spoki.

— Na limekufa.

— Limekufa.

— Sasa usiku mtoto akibanwa na mkojo?

— Ndiyo maana anaamka saa kumi na moja, Sajini. Kushuka kunataka muda.

Mariam Poni alitabasamu ndani ya mvuke wa birika. Alipenda mtindo huu wa kupata habari za mwanawe, sentensi moja ya Madina na sentensi kumi za kijiwe.

— "Asubuhi tunakula mkate na maharage," alisoma Muhuri.

Spoki aliweka kikombe chini.

— Rudia hapo.

— Mkate na maharage.

— Maharage.

— Ndivyo alivyoandika.

— Mtoto amepanda ndege, amepita juu ya Sudan nzima, ameshuka, akapewa maharage. Mama Madina, maharage ya kwetu Adumi yana kosa gani?

— Alikwenda kusoma udaktari, Mogga. Hakwenda kula.

— Wahenga walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na maharage.

— Wahenga gani hao? alisema Muhuri.

— Wa kwetu. Wa kwenu walikuwa ofisini. Endelea.

— "Halafu napanda treni inayopita chini ya ardhi."

— Hapana, alisema Sajini.

— Hapana nini?

— Hapana treni. Mimi nimechimba handaki miaka tisa. Mita tatu tu, maji inatoka. Treni itaogelea?

— Labda ilikuwa treni ya kawaida, alisema Muhuri, ikazama taratibu, na serikali ikaona aibu kutangaza.

— Nyinyi hamjui Misri, alisema Spoki. Wafalme wao wa zamani walizikwa chini, na mali, na wapishi, na ng'ombe. Mfalme wa namna hiyo atakwenda kumtembelea mwenzake kwa miguu? Treni ni yao. Wanafunzi wanadandia tu.

— Na dereva?

— Dereva naye alizikwa. Haraka haraka haina baraka, ndiyo maana wameificha.

Hapo baiskeli ilisimama mbele yao, gurudumu la nyuma limelala, robota la vitenge limefungwa juu yake. Mwenyewe aliitwa Ambroise, mfanyabiashara kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka wa Congo. Hakuwa amewahi kukaa pale.

— Jambo ba wazee. Mupira yangu imetoboka.

— Itazibwa, barua ikiisha, alisema Spoki bila kusimama. Keti. Mgeni njoo, mwenyeji asogee.

Ambroise aliketi pembeni, akapewa kahawa. Muhuri alifungua ukurasa wa pili.

— "Nikisema Kiarabu chetu cha Koboko, wenzangu wanacheka mpaka wanashika ukuta. Wanasema ninaongea kama kambi ya jeshi."

— Hiyo iko sifa, alisema Sajini, akajinyoosha.

— "Jioni navuka daraja la mto Nile kwa miguu. Nasimama katikati, natazama maji, nasema, haya yamepita kwetu."

Spoki alisimama. Macho yake yaling'aa namna ambayo kijiwe kizima kiliifahamu na kuiogopa.

— Jamani. Maji ni yale yale?

— Ni yale yale, alisema Muhuri.

— Basi kwa nini mtoto anakunywa kahawa ya watu? Tunajaza jerikeni, tunafunga kifuniko kwa mpira wa baiskeli, tunaandika Madina, tunashuka Pakwach, tunaachia. Yeye anasubiri darajani na kamba.

— Na mamba? aliuliza Sajini.

— Mamba akinywa kahawa ya Mama Madina hatalala wiki nzima. Atailinda.

Ambroise alicheka hadi kahawa ikamwagikia goti. Mariam Poni naye alicheka, akapangusa macho kwa ncha ya leso. Alipoinua kichwa aliona Muhuri hacheki. Alikuwa amefika ukurasa wa tatu, na alikuwa akimtazama juu ya miwani.

— Mama Madina. Hii nisome?

— Soma. Hapa hakuna mgeni.

Muhuri alisoma bila kukohoa.

— "Mama, hapa kila mtu ana majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Kila asubuhi karani anatuita darasani. Akifika kwangu anasema Madina, halafu anasubiri. Darasa zima linasubiri. Nilimwambia Madina Poni, akaniuliza kama Poni ni mwanamume. Mtihani ni mwezi ujao. Kwenye karatasi yangu kuna nafasi mbili tupu, na zisipojazwa sitaingia. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, ukanipa muhogo nitafune. Mama, muhogo wako haufiki huku."

Mkaa ulipasuka jikoni. Kisha wote wakasema kwa pamoja, kama watu wanaokimbilia ndoo nyumba ikiungua.

— Andika Mogga, alisema Spoki. Madina Mogga. Sikieni linavyoviringika.

— Andika Tombe. Wakiona jina ya askari, karani mwenyewe atapiga saluti.

— Ofisini, alisema Muhuri, tulikuwa tunaandika "Hajulikani", tunagonga muhuri mara mbili.

— Madina Hajulikani? alisema Spoki. Huyo atampasua mgonjwa gani? Basi aandike jina la mto. Madina Nile. Baba anayepita kwetu na kwao pia.

Mariam Poni alinyanyua birika ammiminie Sajini. Halikutoka tone. Kahawa ilikuwa imekwisha, na yeye aliendelea kuliinamisha.

Moyoni alikuwa barabarani tena mwaka ule, nje ya Koboko, Madina wa miaka mitatu mgongoni, godoro kichwani. Mumewe, askari wa serikali iliyoanguka, alikuwa ametangulia porini na bunduki aliyokusudia kuitupa. Kizuizini askari mgeni alikuwa na orodha ya majina. Mume wako nani? Akasema, sina. Akapita. Akasema sina kambini Congo, akasema sina kwa mwalimu alipomwandikisha mtoto, akasema sina mpaka neno likawa nyumba wanayolala. Alilificha lile jina ili mtu wake asipatikane. Miaka kumi na sita, na kweli hakupatikana.

Ambroise alishusha kikombe. Alikuwa amewasikiliza wazee watatu wakigawana baba kwa mtoto asiye wao, na hakuelewa.

— Pardon, mama. Ule mutu mwenyewe, baba ya mutoto. Alikuwa anaitwa nani?

Spoki aligeukia gurudumu lililolala. Muhuri alitazama kalamu yake. Sajini alitazama buti zake. Miaka minane walikuwa wamekunywa kahawa ya mama huyu, walijua magoti yake yakiuma, walijua mwanawe anakula nini Misri, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Kila mmoja nyumbani kwake alikuwa na jina moja asilolitamka, na asiyetaka kuulizwa haulizi.

— Hatujui, alisema Sajini taratibu.

Mariam Poni aliweka birika chini. Kiganja chake kilipanda chenyewe kuelekea mdomoni, kama usiku uliopita, kikafika kwenye kidevu, kikasimama hapo. Akakirudisha gotini.

— Enoch, alisema, kwa jina lake halisi. Kalamu ina wino?

— Inao, dada yangu.

— Andika Madina. Halafu usisubiri. Andika Wani, alisema. Wani, mwana wa Jale.