Mwalimu Alexander Sifuna na Insha ya Binti Yake

Mchungaji, walimu, majirani, na nyinyi mliofuata harufu ya pilau, mimi ni Teresia Kavetsa, mama mzazi wa marehemu, na sielewi kwa nini kazi hii imeangukia mtu aliyeishia darasa la tatu, huku walimu wamejaza safu mbili za viti wakitazama viatu vyao, lakini mwalimu mkuu Nicholas anasema ana kikohozi, wenzake wakasema mzazi ndiye anayemjua mtoto, basi mtasikia ninachokijua.

Alexander Sifuna alizaliwa tarehe 9 Machi 1972 katika nyumba za wafanyakazi wa mkonge nje ya Voi, babake akiwa marehemu Makokha, mkata mkonge kutoka Bungoma. Alisoma shule ya msingi hapa Voi hadi 1986, sekondari kule Wundanyi hadi 1990, kisha chuo kikuu Nairobi, akarudi 1996 na Kiingereza cha puani, nikimsalimia kwa lugha ya nyumbani ananiitikia kama mtu aliyeulizwa njia na mgeni.

Tarehe 12 Desemba 1998 alimwoa Kalondu, binti ya mzee Muasya, aliyekuwa akiuza mboga karibu na stesheni, na tarehe 3 Juni 2001 wakamzaa Branice, mtoto wao wa pekee, huyu aliyesimama kando yangu.

Januari 2009 aliajiriwa na shule ya binafsi hapa Kaloleni inayofuata masomo ya Kimarekani, akapewa wale wa darasa la juu walioshinda wenzao, awafundishe fasihi ya Marekani na kuandika insha. Kila Jumatatu alichagua insha mbovu kuliko zote, akaisoma mbele ya darasa akiigiza sauti ya mwenyewe, naye mwenyewe amesimamishwa, na mtoto akiambiwa ajibu, sauti ikimkauka, Alexander alimwambia, "Rudia, huko nyuma hawajasikia." Watoto walilia, wakapita mtihani, wazazi wakamshukuru, basi nani angemwuliza?

Mwaka 2018 Branice alikuwa katika darasa hilo, na babake akawafundisha kwamba Wamarekani huandika mambo ya nyumbani kwao bila kuficha, nao wafanye vivyo hivyo. Mjinga wa watu akaamini. Akaandika habari za Jumapili moja walipokuja nyumbani walimu wageni kutoka Marekani, babake akawaambia kwamba yule mama anayemimina chai ni mfanyakazi wa nyumbani, na Kalondu akasikia, akamimina chai hadi mwisho, akaosha vikombe.

Jumatatu tarehe 14 Mei Alexander aliisoma insha hiyo kwa sauti ya bintiye, kisha akasema, "Huyu ametunga uongo, na hata kutunga kwenyewe hajui." Darasa likacheka. Branice alichukua mkoba wake akatoka getini, hajaketi darasani tena, hadi leo anauza mboga pale pale alipouza mamake. Alitaka kitu kimoja tu, babake aseme mbele ya darasa kwamba ile insha ni kweli. Kalondu naye alingoja, akafa tarehe 20 Agosti 2021 akingoja, na siku ya kumzika Alexander alilia vizuri sana, kwa Kiingereza.

Mwaka 2023 sukari ilimla macho. Vitabu vyake vimepangwa ukutani hadi dari, hana wa kumsomea, mimi nikijaribu kitabu cha nyimbo, silabi kwa silabi, anashika kichwa kuliko akidungwa sindano. Akamwomba Branice. Branice akamjibu, "Nitakusomea chochote, Baba, lakini tuanze na ile insha, tukaisomee darasani kwako." Alikataa mwaka mzima, akakaa na ukuta wake.

Alifariki tarehe 2 Aprili 2025 katika hospitali hapa Voi, figo zikiwa zimekwisha. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia ulimi wake, majirani waliotuletea maji na kuni, na walimu wenzake waliokuja kumwona mara mbili kabla ya kuwa na shughuli nyingi.

Lakini kabla hajafa alilipa, na nisiposema nitakuwa nimemwibia. Jumatatu tarehe 10 Machi alikubali, Branice akamshika mkono hadi darasani, akamsimamisha mahali alipokuwa akiwasimamisha watoto wa watu, nami nikapewa kiti mlangoni. Branice alisoma insha yote kwa sauti yake mwenyewe, Alexander akitazama pasipo na mtu, jasho likimtiririka hadi kwenye kola. Akaulizwa kama ni uongo. Akasema polepole, "Si uongo. Yule mama alikuwa mke wangu."

Branice akamwambia, "Rudia, Mwalimu, huko nyuma hawajasikia."

Akarudia. Akaambiwa tena, akarudia tena, mpaka mtoto wa kiti cha mwisho akainua mkono.

Haya, pumzika, Alexander, huko nyuma wamesikia.